Hiace ya 606: shajara ya magurudumu manne

Siku ya 1

Boksi la gari la mfano la kuunganisha limeshuka jana Mkoani, Pemba, kwa boti, pembe moja imebonyea kama lilikaliwa na mtu mnene. Nimelinunua kwa mtu wa Dar, naye alilinunua kwa mwingine aliyelifungua, akakata vipande vichache, akachoka nalo. Ndiyo maana bei ilinifaa. Ndani nimekuta bodi nyeupe ya Toyota Hiace, umbo lile lililoanza kutoka mwaka 2004, uwiano wa 1/24; fremu tatu za plastiki nyeusi zilizojaa vipande; fremu moja ya vioo; rimu nne zinazong'aa kama sinia la harusi; na mipira minne laini.

Kabla ya kukata chochote nilichukua rula. Kazi ya kutengeneza simu imenizoesha kupima kwanza. Hiace yenyewe ina urefu wa milimita 4,695. Gawa kwa 24, unapata 196 kasoro kidogo, na bodi iko hapo hapo. Upana wa 1,695 unatoa kama 71, nao upo. Mpira wa gari hili ni 195/80R15: rimu ya inchi 15 ni milimita 381, ongeza shavu la mpira juu na chini, milimita 156 kila moja, jumla 693. Gawa kwa 24, ni 29 kasoro. Kalipa, kile kipimo cha taya, inasema 29. Hata nati zimechongwa sita usoni mwa kila rimu, kama gari lenyewe. Waliochonga hawakubahatisha.

Gari hili ni la ami yangu, ingawa mwenyewe hajui. Aliendesha njia ya Chake–Wete, namba 606, mpaka macho yakamwambia basi, na Hiace yake ya mwisho ilikuwa nyeupe hivi hivi. Nikikosea mlango hatosema kitu. Nikikosea magurudumu ataona kabla hajakaa kitako.

Na hapo ndipo penye shida. Karatasi ya maelekezo inaonyesha bushi nne, vipira vidogo laini vyenye tundu katikati. Kila bushi inakaa ndani ya kikombe kwenye chesisi, halafu kijiti cha plastiki kilicho nyuma ya rimu kinaingizwa kwa kubana. Gurudumu linashika, linazunguka, wala halitaki gundi. Ni ufundi mzuri mno kwa kitu kidogo kama punje ya mtama. Mimi nimekuta bushi mbili, na moja imepasuka. Nimelimimina boksi lote juu ya kitambaa cheupe, nikatikisa hadi karatasi. Hakuna.

Bila bushi, unabaki na kijiti chembamba ndani ya tundu pana. Ni kama kutia mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake.

Siku ya 2

Leo ni kuchambua tu. Kila kipande kimeshikwa kwenye fremu kwa vishikizo vidogo, na mimi naviita makonyo, kama vijiti vya karafuu, maana ukikaa unakitenga kipande na konyo lake huna budi kukumbuka majamvi ya karafuu. Konyo likatwe mara mbili: kwanza mbali na kipande, halafu karibu, kisha msasa. Ukilikata mara moja plastiki inang'oka na nyama, na ikiwa ni pale rimu inapokaa, umeshajiharibia siku.

Jambo jingine nililoliona. Mpira mmoja ulikuwa umelalia fremu ya vioo humo boksini, sijui kwa miaka mingapi, na umeacha alama iliyozama kwenye plastiki kama meno. Haukubanwa na kitu kizito. Mipira ya aina hii hutiwa mafuta ya kulainisha, na mafuta hayo hutoka taratibu na kuiyeyusha polistaireni, plastiki ambayo vipande hivi vimetengenezwa. Kioo kilichoumwa ni cha nyuma, kwa bahati. Nitabandika hapo karatasi ya "Mungu Nisaidie" au kitu kama hicho, nyuma ya gari la abiria pana nafasi ya maandishi siku zote.

Lakini nimejiuliza: ikiwa mpira umekula kioo kwa kukilalia tu, rimu itakayovaa mpira huo maisha yake yote itakuwaje? Nimeandika pembeni: foili.

Siku ya 3

Nimefanya ujinga, na nauandika ulivyo.

Nilijiambia, bushi hamna, basi magurudumu yasizunguke. Gari la kuwekwa kabatini linakwenda wapi? Nikachukua supagluu, ile ile ninayoshikia fremu za simu, nikatia tone kwenye kila kijiti, nikabandika moja, likashika, la pili, likashika, nikaendelea. Dakika tatu kazi imekwisha. Supagluu hukauka kwa unyevu, na mwezi huu wa masika Chake hewa yenyewe ni maji, kwa hiyo hupati hata muda wa kunyoosha mkono. Lilivyogusa ndivyo lilivyoganda.

Nikaliweka juu ya meza. Nikalisukuma kidogo kuligeuza lionekane vizuri. Gurudumu la mbele kushoto likaanguka, likabiringika mpaka chini ya kiti cha mteja.

Nilipoliokota nikaona kitu. Gundi haikuachia. Tone lilikuwa bado limekamata, gumu kama kucha, na juu yake kuna ngozi nyembamba inayong'aa. Kilichobanduka ni ule mng'aro wa rimu. Mafundi wa huku tunaita nikeli kila kitu kinachong'aa, lakini hii hasa ni utando wa alumini juu ya vanishi, mwembamba kuliko karatasi ya sigara. Gundi ilishika utando, utando haukuishika plastiki. Ndivyo ilivyo pia kwa rangi: ukigundisha juu ya rangi umegundisha rangi.

La pili ni tabia ya supagluu yenyewe. Ukiivuta moja kwa moja ni ngumu kuishinda, lakini ukiigonga kwa ubavu inakatika kama kioo. Na gurudumu halivutwi hata siku moja. Gurudumu linagongwa kwa ubavu, kila mtu anayelishika gari la mfano analisukuma, hata ukimwambia asilisukume.

La tatu, kioo cha dirisha la dereva kimepata ukungu mweupe. Mvuke wa supagluu hutua kwenye plastiki iliyo karibu, hasa kwenye alama za vidole. Nilikuwa nimekiweka pale pale mezani.

Mteja aliyekuja na simu isiyochaji alinitazama nikiwa nimeshika gurudumu moja, akasema, "Na hilo nalo halichaji?"

Siku ya 5

Jana sikugusa. Leo nimezitumbukiza rimu zote nne kwenye kikombe cha Jik, dirisha wazi, mbali na kitu chochote chenye asidi. Jik inaula ule utando wa alumini. Baada ya nusu saa hivi mng'aro umeondoka, umebaki weusi wa plastiki na vanishi juu yake. Nimeziosha kwa maji mengi, nikazianika. Daladala ya njia ya shamba haina haja ya rimu za kung'aa hata hivyo. Nitazipaka rangi ya chuma.

Vanishi nimeikwangua kwa ncha ya wembe sehemu moja tu, mgongoni mwa rimu pale gundi itakapokaa. Kwingine nimeiacha.

Siku ya 6

Ami kaja. Sikumtarajia, alikuwa na shughuli zake Tibirinzi, akapita kibandani kunisalimia. Sikuwahi kuficha.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Hujambo? Hilo nini hilo?"

Nilikuwa nimeyarudisha magurudumu kwa utepe wa karatasi, bila gundi, nilitazame lilivyo. Akalichukua, akaliinua usawa wa jicho lake zuri, la kulia. Akazihesabu nati kwa ukucha. "Sita. Sawa." Halafu akaliweka mezani, akatia kidole kwenye pembe ya mbele kushoto, akabonyeza. Gari likacheza. Akabonyeza pembe ya nyuma kulia. Likacheza tena.

"Weye, gari hili limesimama kama mbuzi mwenye mguu mbovu."

Nikamwambia meza yangu yenyewe si sawa. Akacheka. Nikatoa kioo cha tableti iliyokufa, kikubwa, hakina mchubuko, nikaliweka juu yake. Likacheza vile vile. Matatu yanakanyaga, la nne linaelea. Nimepitisha kipande cha karatasi ya manila chini yake na kikapita bila kugusa. Kwa gari la kweli hiyo ingekuwa kama sentimita moja na nusu hewani.

Kisha akainama kulitazama kwa mbele. "Na mpira huu unalala." Kweli, juu umeingia ndani, chini umetoka nje. Mimi nilikuwa sijauona. Nimekaa nalo siku sita.

Nikamweleza habari ya bushi, habari ya supagluu, habari ya utando. Alisikiliza kwa adabu kama anayesikiliza abiria asiye na nauli. Halafu akauliza: "Wewe uliyafunga vipi? Moja moja?"

"Moja moja ami. Moja likishika naingia jingine."

"Ah."

Akanieleza jinsi ya kufunga gurudumu, mimi ambaye nimeshafunga magurudumu naye zaidi ya mara moja barabarani, na sikuwahi kusikiliza. Hukazi nati moja mpaka mwisho ukahamia ya pili, maana ya kwanza ikishakaza rimu imeegemea upande na zote zinazofuata zinaukaza ule upande. Unaigusa ya juu, unakwenda ya chini yake, unavuka, unarudi, zote ziwe zimeshika tu. Halafu unateremsha jeki. Mpira ukishakanyaga chini ndipo unamalizia kukaza. "Gari lijue ardhi yake iko wapi kwanza," alisema, akaomba maji ya kunywa.

Alipoondoka hakuuliza gari ni la nani. Nadhani ameshajua.

Siku ya 7

Nimeyawaza maneno yake usiku, umeme umekatika na hakuna cha kufanya ila kuwaza. Kosa langu kubwa halikuwa gundi. Nilimaliza gurudumu la kwanza kabla ya kujua la nne litakaa wapi. Kila moja lilikuwa sawa na chesisi iliyo mkononi mwangu, na hakuna hata moja lililoulizwa habari ya ardhi.

Kwa hiyo mpango mpya. Kwanza, magurudumu yazunguke, na yashikwe na chuma. Plastiki ile nyembamba sitaiamini tena. Pili, yote manne yawe legelege mpaka gari limesimama juu ya kioo kwa uzito wake, ndipo viungo vyake vikazwe kwa pamoja.

Kuhusu chuma: spoki ya baiskeli. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2, imenyooka, ni ngumu, haipindi kwa kidole. Fundi baiskeli kanipa tatu mbovu bure.

Kuhusu bushi: nilifikiria kwanza ganda la waya wa umeme wa milimita 2.5 za mraba. Shaba yake ni nyembamba kidogo kuliko spoki, kwa hiyo ganda lingebana vizuri. Nimelikata, nimelijaribu, limebana vizuri kweli. Halafu nikakumbuka kioo cha nyuma kilichoumwa. Ganda la waya ni PVC iliyolainishwa kwa mafuta ya jamaa ile ile. Ningelifungia ndani ya plastiki, likaitafuna polepole mahali nisipoona.

Nilichonacho kibandani ni mpira wa kusinyaa, ule wa kufunikia viungo vya waya. Ukiupitishia moto unajibana. Wangu ni wa poliolefini, hauna mafuta hayo. Huo.

Siku ya 8

Kutoboa. Hii ndiyo siku nzima, na ndiyo kazi yenyewe.

Nina keekee ndogo ya mkono, ya kuzungusha kwa vidole viwili. Keekee ya umeme usithubutu: ikizunguka kwa kasi plastiki inapata joto, inayeyuka, inaizonga ncha, na tundu linakuwa si la duara tena. Nimekata vile vijiti vya plastiki mgongoni mwa rimu, nikasawazisha kwa tupa, nikatafuta kitovu. Kitovu cha rimu usikitafute kwa jicho. Nimeweka rimu juu ya karatasi, nikachora mzunguko wake, nikakata, nikakunja karatasi mara mbili. Pale mikunjo inapokutana ndipo kitovu. Nikarudisha karatasi juu ya rimu na kuchoma kwa sindano.

Halafu ncha ya milimita 0.8, tundu la kuongozea. Halafu 1.5. Halafu 2. Kina milimita 5, nimefunga utepe kwenye ncha kuonyesha mwisho, maana ukizidisha unatokea usoni kwenye nati. Rimu ya tatu nilitoboa kwa upande kidogo, nikaizungusha kwenye spoki na ikayumba kama sarafu inayotaka kuanguka. Nimeziba tundu kwa kijiti cha plastiki cha fremu na gundi ya plastiki, nitarudia kesho kikishakauka. Afadhali kupoteza siku moja kuliko kutazama gurudumu linaloyumba miaka yote.

Siku ya 9

Rimu ya tatu imekubali.

Spoki: ya nyuma nimekata milimita 62, moja, inapita kutoka upande hadi upande. Hiace ina ekseli ngumu nyuma, imelalia springi za majani, kwa hiyo hata kwa ukweli wa gari spoki moja ni sawa. Mbele kila gurudumu linajitegemea, basi spoki fupi mbili. Ncha zote nimezikwangua kwa msasa ziwe na mikwaruzo, nikazifuta kwa spiriti ninayosafishia mazabodi ya simu. Chuma cha spoki kina mafuta ya mkono na ya mnyororo, na epoksi haipendi mafuta.

Epoksi ni ile ya tyubu mbili, ya dakika tano. Dakika tano ni za kuanza kushika tu. Nguvu yake kamili niipe siku nzima. Tone dogo ndani ya tundu kwa ncha ya sindano, usilijaze, maana spoki ikiingia hewa haina pa kutokea na inaisukuma nje tena. Nimefanya mbele mbili, na upande mmoja wa nyuma. Upande wa pili wa nyuma lazima usubiri, spoki ipite kwenye chesisi kwanza. Karibu nisahau hili. Ningekuwa na ekseli nzuri yenye magurudumu mawili na hakuna njia ya kuiingiza.

Kila rimu imesimamishwa na spoki yake wima, nimezikagua kwa pembemraba ndogo ya seremala, nikaziegemeza kwenye boksi za betri. Nimewaambia watoto wa jirani kwamba meza ile leo haiguswi.

Siku ya 11

Vikombe vya mbele. Mpira wa kusinyaa tabaka mbili umejaza nafasi ya bushi sawasawa. Ujanja ni huu: usiusinyishe juu ya spoki yenyewe, utabana mno na gurudumu halitozunguka. Nimeizungushia spoki nyingine utepe mzunguko mmoja, nikausinyisha juu yake, nikauchomoa. Sasa spoki inaingia kwa kusukumwa kidogo na inazunguka kwa uzito. Gurudumu likizunguka ovyo kama feni si zuri, gari halitulii kabatini.

Nyuma nimechonga mfereji mgongoni mwa ekseli ya plastiki kwa tupa nyembamba, nikalaza mrija wa mpira huo huo wa kusinyaa, spoki ndani yake, na nimekata kibamba cha plastiki cha kufunika juu. Sijakigundisha. Gurudumu la nne nimelitia epoksi.

Vikombe vya mbele vilikuwa vimeshagundishwa kwenye mikono yake na yule mwenye boksi wa kwanza, na kile cha kushoto ndicho kilicholaza mpira. Nimepitisha wembe kwenye kiungo, polepole, kukwangua si kukata, mpaka kikaachia. Vyote viwili sasa viko huru.

Siku ya 12

Foili. Kabla ya kuvisha mipira nimezungushia kila rimu ukanda mwembamba wa foili ya jikoni, upana milimita 7 ili usionekane pembeni. Mpira hautogusa plastiki mahali popote. Katikati ya kila mpira palikuwa na mstari wa kiungo cha kalibu. Nimeupiga msasa, na kwa kuwa gari la 606 halina mipira mipya nimepiga msasa zaidi upande wa nje. Mipira imeingia kwa kuvutwa kama soksi, haitaki gundi.

Jioni ndiyo kazi. Kioo cha tableti mezani, nimekikagua kwa rula ya chuma ukingoni, hakuna mwanga unaopita. Chesisi juu yake na magurudumu yote manne legelege. Bodi juu ya chesisi bila kugundisha, na juu ya paa betri mbili za simu za zamani, zile nzima bapa, kuwa abiria. Nikaliacha likae.

Halafu nikalitazama. Mbele kulia kulikuwa juu kidogo, nikapenyeza karatasi chini ya mkono wa chesisi mpaka mpira ukakanyaga. Karatasi ya manila nikaipitisha chini ya kila mpira: haipiti. Kwa mbele nikasimamisha rula mbili kando ya mipira: zimesimama sambamba.

Ndipo nikatia gundi ya plastiki, ile nyepesi kama maji yenye brashi ndogo kifunikoni. Hii haikai juu ya plastiki, inaiyeyusha na kuiungamanisha, na inajivuta yenyewe ndani ya ufa. Unagusa kiungo kwa ncha ya brashi tu na unaona weusi unakimbia. Kiungo cha mbele kushoto, mguso mmoja. Kibamba cha nyuma, mguso mmoja. Mbele kulia. Nyuma tena. Nikavuka, nikarudi, kama nati. Tahadhari isifike kwenye mrija, ingawa mrija huu haushiki gundi.

Usiku kucha liko pale, na abiria wake wawili.

Siku ya 13

Manne yanakanyaga. Nimebonyeza kila pembe.

Nimemwita ami kwa simu, nikamwambia tu apite akipata nafasi. Kapita baada ya alasiri. Hakunisalimia vizuri, kaenda moja kwa moja kwenye kioo. Akabonyeza pembe nne. Akainama mbele. Kisha akaomba uzi.

Nikampa uzi wa kushonea. Akaufunga kwenye mpira wa nyuma, akauvuta ubavuni mwa gari mpaka mbele, akashusha taratibu mpaka ukagusa. Ndivyo walivyokuwa wakipima magurudumu kabla ya mashine: uzi ukigusa mpira wa mbele ukingo wa nyuma na wa mbele kwa pamoja, gari linakwenda mbele. Upande wa kulia uligusa pote. Upande wa kushoto uligusa mbele, na nyuma ukaacha mwanya wa unywele.

"Litavuta kushoto," akasema.

"Kidogo ami."

"Kidogo." Akaliinua na betri zake, akatoka nalo nje, akaliweka barazani kwenye saruji, akalisukuma kwa kidole kimoja. Likaenda. Likaenda kama urefu wa mkono na nusu, kwa sauti ya mpira juu ya saruji, likaanza kupinda kushoto, likasimama karibu na viatu vyake.

Alikaa akalitazama. "Langu lilikuwa linavuta kushoto pia. Miaka yote. Nilikuwa nashika usukani hivi." Akaonyesha mkono.

Nikamuuliza nirekebishe? Kiungo bado kina masaa, wembe unaweza kukifungua.

"Wee! Liache."

Yaliyobaki: bodi kupaka rangi, lakini si sasa. Rangi ya kupuliza katika unyevu huu hutoka na ukungu mweupe, nitangoja kusi ishike. Kioo cha dereva kung'arisha kwa dawa ya meno. Maandishi ya nyuma ami kasema atachagua mwenyewe, na "Mungu Nisaidie" hakutaka. Magurudumu ya mbele nimeyavua na mipira yake na kuyahifadhi kwenye kopo, kila moja limeandikwa mahali pake: MB-KL, mbele kulia, na MB-KS, mbele kushoto. Ya nyuma yamebaki kwenye chesisi pamoja na spoki yao, hayatoki tena.